Mguu wangu wa kushoto haukuwa mvivu: tujadili pedali ya kiki na unyayo

#1 Mguu_Kushoto

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenila miaka mitatu.

Natumia pedali pacha, moja kwa kila mguu, kwenye kiki moja, yaani ile dramu kubwa inayopigwa kwa miguu. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mguu wangu wa kushoto ni mvivu. Mpaka mapigo 140 kwa dakika, nota nne kwa kila pigo, mambo yalikuwa shwari. Nikifika 150 kushoto kunaanza kuburuta. Sikuwa naruka nota. Kila nota ya kushoto ilifika imechelewa kidogo na imepungua sauti, kwa hiyo safu nzima ilisikika kama hatua za mtu anayechechemea. Nikafanya anachofanya karibu kila mtu: nikauadhibu mguu. Nusu saa kila siku, kushoto peke yake, metronomi masikioni. Misuli ya mbele ya muundi ikawa inawaka moto, nikajiambia huo ndio mguu unaokua.

Siku moja mwenzangu akaketi kwenye dramu zangu. Yeye ni wa kushoto, mkono na mguu. Alikanyaga kama mara kumi hivi, akasimama, akaniambia, "Huku kushoto pazito." Basi. Hakuongeza neno.

Alipoondoka nikakaa, nikahamishia mguu wa kulia kwenye pedali ya kushoto. Ukachechemea vilevile. Mguu ambao haujawahi kunisumbua hata siku moja!

Nikaifungua pedali nzima kutoka kwenye kiki, nikaifunga ukingoni mwa meza ili bita, vile vijiti vyenye kichwa vinavyogonga kiki, zibembee bila kugonga ngozi. Nikavuta bita ya kulia nyuma, nikaiachia. Ilikwenda na kurudi mara 19 kabla ya kutulia. Ya kushoto, mara 6, na safari ya mwisho ilikwama katikati kana kwamba kuna kidole kinaishika. Nilirudia mara nyingi kwa sababu sikutaka kuamini.

Nilikuta mambo matatu. Springi ya kushoto ilikuwa imekazwa hadi mwisho wa nati. Mimi mwenyewe niliikaza, nikidhani naupa mguu msaada. Viungo vya shafti inayounganisha pedali mbili vilikuwa vikavu, ukivizungusha kwa vidole unasikia mchanga. La tatu ndilo kubwa: pedali ya kushoto nilikuwa nimeisogeza karibu mno na kuigeuza pembeni ili hai-hati (matoazi mawili yanayokanyagwa kwa mguu wa kushoto) ipate nafasi, kwa hiyo shafti ile ilikuwa imepinda vibaya kwenye viungo vyake.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu nadhani wengi hawalijui. Viungo vile ni ndugu wa viungo vya propela ya lori: uma mbili na msalaba katikati. Kiungo cha aina hiyo kikinyooka, upande mmoja ukizunguka mwingine nao unazunguka sawasawa. Kikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja tena: mahali fulani unatangulia, mahali fulani unabaki nyuma, na kadiri unavyokipinda ndivyo tofauti inavyokua. Shafti ina viungo viwili ili kimoja kifute kosa la mwenzake, lakini hilo linawezekana tu ikiwa vyote viwili vimepinda kwa kiasi kilekile na uma zake zimelingana. Vyangu havikulingana hata kidogo. Maana yake unyayo wangu ulikuwa unaweza kushuka kwa mwendo safi kabisa, na bita ikaifikia ngozi kwa mwendo mwingine.

Nikavisafisha viungo, nikatia tone la oili, nikalegeza springi, nikasogeza hai-hati badala ya pedali, shafti ikakaa karibu kunyooka. Bita ya kushoto ikabembea mara 15. Jioni ileile nilipiga 165 bila kuchechemea.

Furaha yake haikudumu sana, maana nilipojirekodi kwa kamera iliyowekwa sakafuni nikaona nilivyoharibika. Mguu wa kushoto ulikuwa unasukuma kutoka nyongani, kama mtu anayekanyaga mfuko wa saruji. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiatu. Mwili wote umeinamia kulia ili kuupa kushoto uzito. Miaka mitatu nzima mguu ulikuwa unajifunza, tena kwa bidii, lakini ulikuwa unajifunza kufidia kasoro ya chuma. Kasoro niliiondoa kwa saa moja. Mazoea bado nahangaika nayo hadi leo.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Tukizungumzia ufundi wa mguu tunasema kisigino juu, kisigino chini, kuteleza, kuzungusha, halafu pedali tunaitaja mwishoni kama kitu cha kununua tu. Mimi sasa naona unyayo unaiga pedali. Kila umbo lina kitu linachoufundisha mguu, kizuri au kibaya, hata kama mwenye mguu hajui. Karibuni.

#2 Besi_Nzito

Mkuu asante sana kwa uzi, hilo la viungo vya shafti sikuwahi kulifikiria. Swali langu: kwa hiyo suluhisho ni kuhamia dairekti? Namaanisha zile pedali zisizo na cheni, zenye kijiti cha chuma kutoka kwenye ubao unaokanyagwa hadi kwenye mhimili wa bita. Naona wapigaji wengi wa metali kali wanazo.

#3 Mguu_Kushoto

Si lazima, mkuu. Ngoja nikueleze nilivyoihisi tofauti yenyewe, maana nimezitumia zote.

Cheni inajua kuvuta tu. Haiwezi kusukuma. Ukikanyaga, cheni inavuta, bita inaondoka. Sasa kama mkanyago wako ni mfupi na wa haraka, kama mtu anayerusha jiwe, bita inaweza kumtangulia mguu: inaendelea mbele kwa nguvu yake yenyewe huku cheni ikilegea kwa muda mfupi. Halafu inagonga, inarudi, cheni inakaza tena na ubao unanyanyuka hadi kwenye unyayo wako. Kwa hiyo mwenye cheni anajifunza kurusha na kusubiri. Ule ulegevu mdogo ni kama pumzi.

Dairekti haina pumzi hiyo. Bita na ubao vimefungwa pamoja, kinachompata mmoja kinampata mwenzake. Bita ikienda mbele, ubao unashuka nayo hata kama mguu umeacha kusukuma. Bita ikidundwa na ngozi, unyayo unaupokea mdundo huo palepale. Faida yake ni kwamba mguu unapata habari zote. Ubaya wake ni huohuo: ukikanyaga ovyo, pedali haifichi chochote. Nilipohama mara ya kwanza nota zangu zilikuwa mbaya zaidi kwa wiki kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kusukuma hadi mwisho na kuibandika bita kwenye ngozi. Kwenye dairekti ukiibandika bita bila uthabiti inatetemeka, unasikia nota moja na mnong'ono nyuma yake.

Na tusidhani ni kitu kipya cha wapigaji wa metali. Pedali iitwayo Speed King ya Ludwig ilitoka mwaka 1937, nayo haina cheni wala mkanda. Ina kiungo cha chuma kati ya ubao na mhimili, na springi zake zimefichwa ndani ya nguzo mbili za pembeni, zinabanwa badala ya kuvutwa. Cheni ndiyo iliyokuja kutawala baadaye.

#4 Kisigino_Chini

Habari zenu kaka zangu. Naomba niingie kutoka upande ambao haujasemwa, yaani upande wa wanaopiga polepole na kwa sauti ndogo. Mimi napiga jazi, kisigino chini karibu muda wote.

Pedali yenyewe ilizaliwa kutokana na haraka. William F. Ludwig alikuwa mpiga dramu. Pedali alizozikuta zilikuwa nzito, hazikumruhusu kwenda na muziki wa wakati ule, akabuni yake, na mwaka 1909 yeye na nduguye Theobald wakaanza kuiuza. Kwa hiyo kusema kwamba umbo la chuma na mwendo wa mguu ni vitu viwili tofauti ni kusahau tulikotoka. Mguu ndio uliodai pedali ibadilike.

Halafu angalieni kilichofuata. Katika bendi za swingi kiki ilipigwa mapigo yote manne ya kila baa (kipimo cha muziki), tena kwa kugusa tu. Unaihisi zaidi ya kuisikia. Kenny Clarke, mpiga dramu wa jazi, akaja akauhamishia mwendo kwenye sahani ya raidi (toazi kubwa) na kuiachia kiki kazi ya kushtua hapa na pale. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa kwa unyayo mmoja. Kugusa kunataka bita isirudi mbali. Mimi naiweka karibu na ngozi, springi laini, na mguu wote umelala juu ya ubao. Kazi inafanywa na kifundo pekee. Kushtua kunataka umbali, ndiyo maana ghafla unanyanyua paja na kisigino kinaacha kibao chake.

Sasa jambo la bawaba. Pedali ya kawaida ina kibao kidogo nyuma, kimetulia, kisigino kinalala hapo, na bawaba ya ubao iko mbele yake. Kisigino hakiendi popote. Kwangu hilo ni kama ukuta wa kuegemea: nikijua kisigino kiko wapi najua na vidole viko wapi, naweza kupiga kwa sauti ndogo kuliko pumzi. Nilipojaribu ubao mrefu, ule ambao bawaba imesogezwa nyuma kabisa na kibao hakuna, kisigino changu kilikuwa kinapanda na kushuka na ubao wenyewe. Kilipanda kidogo tu, pengine upana wa kidole, lakini kwenye nota laini kidogo hicho kinatosha kukupotezea kipimo. Nilijikuta naubana mguu ili utulie, na mguu uliobanwa haugusi, unagonga.

Na springi. Ukiikaza sana, ubao unarudi kwa kishindo, na sisi wa kisigino chini tunalazimika kuunyanyua unyayo haraka ili tusiuzuie. Misuli inayofanya hivyo ni ile ya mbele ya muundi, hiyohiyo iliyokuwa inakuwaka kaka Mguu_Kushoto. Ni misuli midogo ukilinganisha na kigimbi. Sina shaka kwamba springi yako ndiyo iliyokuwa inakuumiza.

#5 Mguu_Kushoto

Dada, hapo kwenye muundi umenigusa. Kweli maumivu yalianza baada ya kukaza, na mimi nikawa nakaza zaidi.

#6 Fundi_Cheni

Wakuu mimi huwa nawatengenezea wenzangu pedali, kwa hiyo nitaongelea gurudumu la cheni, lile lililo juu ya mhimili. Hapo ndipo watu wananiletea malalamiko ya "pedali haina nguvu" au "pedali inanikimbia" wakati kila kitu ni kizima.

Gurudumu likiwa duara kamili na mhimili ukiwa katikati yake, kila sentimita ya cheni unayovuta inaizungusha bita kiasi kilekile, tangu mwanzo hadi inapogonga. Mguu unapiga mstari ulionyooka. Gurudumu lenye umbo la yai, au duara ambalo mhimili hauko katikati, linabadilika njiani. Aina iliyozoeleka inaanza na upande mpana na kumalizia na upande mwembamba. Kwenye upande mwembamba sentimita ileile ya cheni inaizungusha bita zaidi, kwa hiyo inaongeza kasi inapokaribia ngozi. Lakini hakuna cha bure: ukipata mzunguko zaidi kwa sentimita, unalipa kwa uzito zaidi chini ya unyayo, na uzito huo unakuja mwishoni kabisa mwa mkanyago.

Anayepiga roki kwa paja, kisigino juu, nota moja moja nzito, anaupenda huo uzito wa mwisho. Anahisi amegonga kitu. Ila mpe mtu anayepiga nota mbilimbili za haraka kwa mguu mmoja, halafu mwangalie. Nota ya kwanza anaipiga kwa safari nzima. Ya pili hana muda wa kuirudisha bita mpaka nyuma, anaipiga kutoka katikati ya njia. Katikati ya njia, kwenye gurudumu la yai, tayari uko upande mzito na wa kasi. Kwa hiyo nota zake mbili zinapigwa na pedali mbili tofauti! Atakwambia mguu wake hauwezi kulinganisha nota, na atafanya mazoezi hadi achoke. Mwekee duara, siku mbili tatu zinakaa sawa.

Pedali za Pearl Eliminator zinakuja na vipande vinne vya gurudumu vya kubadilisha, unaweza kuhisi tofauti kwenye pedali ileile. Mwenye nafasi ya kuijaribu ajaribu kwa nota mbilimbili za polepole, asikilize ya pili tu.

Mkanda badala ya cheni? Mwepesi zaidi, kimya zaidi. Sina mengi ya kusema hapo.

#7 Mazoezi_Kwanza

Wakuu, naheshimu michango yote ila nina mtazamo tofauti. Naona tunawapa vijana kisingizio. John Bonham wa Led Zeppelin alikuwa anapiga nota tatutatu kwa mguu mmoja, watu wakadhani ana kiki mbili. Pedali yake ilikuwa hiyohiyo Speed King iliyotoka mwaka 1937, inapiga kelele hadi kwenye rekodi inasikika. Hakuwa na gurudumu la kubadilisha wala ubao mrefu. Louie Bellson, mpiga dramu wa jazi, alikaa na kiki mbili tangu miaka ya 1940, na pedali za wakati ule. Aliyeushika ufundi atapiga kwa pedali yoyote utakayompa. Mimi nina pedali moja miaka minane, sijawahi kugusa skrubu yake, na napiga. Tukae tufanye mazoezi.

#8 Mguu_Kushoto

Mkuu Mazoezi_Kwanza, nashukuru umeleta hoja hiyo, na umeileta kwa heshima. Sitaki kijana asome uzi huu akaenda kununua badala ya kukaa chini na metronomi.

Lakini mfano wa Bonham naona unanisaidia mimi. Alikaa na aina ileile ya pedali kwa miaka. Ni dairekti, ni nyepesi, inarudi haraka. Mguu wake na chuma kile vilikuwa vimeshajuana. Kama angekabidhiwa pedali yenye gurudumu la yai na springi iliyokazwa, sidhani kama angeshindwa, ila angepiga tofauti, na sisi tungekuwa tunaiga mguu mwingine. Sisemi kwamba pedali inapiga badala ya mtu. Ninachosema ni kwamba mtu hajizoezi hewani; anajizoeza juu ya kitu, na kitu hicho kina mwendo wake.

Tufanye hesabu kidogo. Mapigo 200 kwa dakika, nota nne kwa kila pigo, ni nota 13.3 kwa sekunde. Gawa kwa miguu miwili, kila mguu una nota 6.7 hivi kwa sekunde, yaani kila nota ina sehemu 15 katika 100 za sekunde kwenda, kugonga na kurudi. Ndani ya muda huo paja haliwezi kupanda na kushuka kila mara, ni zito mno. Kazi lazima ihamie kwenye kifundo. Na kifundo hakina nguvu ya kubishana na pedali. Kinaweza tu kuisindikiza ikiwa tayari inakwenda.

Sasa mtu akikwama hapo, jambo la kwanza anaambiwa akaze springi. Nami niliambiwa hivyo. Kitu kinachobembea kwa springi hakiongezi kasi sawa na ukazaji: ili kibembee mara mbili kwa kasi, mvuto unatakiwa uwe karibu mara nne. Ukiongeza mvuto kwa asilimia 20, kasi ya kubembea haifiki hata asilimia 10 ya nyongeza. Lakini ile asilimia 20 unyayo wako unaibeba yote, kila nota.

Kuna njia nyingine ambayo karibu hakuna anayeigusa, nayo ni urefu wa bita. Legeza skrubu, ishushe. Ugumu wa kuizungusha bita unakwenda na urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Kutoka sentimita 20 hadi 17, ugumu huo unapungua kwa takriban asilimia 28, na hujaongeza gramu moja ya mzigo kwa mguu. Unalipa kwa sauti, maana kichwa cha bita sasa kinakwenda njia fupi zaidi, na pengine hakigongi tena katikati ya ngozi. Kwa kiki ya inchi 22, kitovu kiko sentimita 28 kutoka ukingoni, kwa hiyo ukiishusha sana utasikia sauti inabadilika. Uamuzi ni wako. Lakini jaribu kabla hujaigusa springi.

Ombi langu kwako ni moja tu. Hujagusa skrubu miaka minane. Ifungue, ifunge kwenye ukingo wa meza, vuta bita, achia, hesabu. Usibadilishe kitu. Hesabu tu, utuambie.

#9 Chipukizi_wa_Kiki

Samahani wakuu, mimi bado mwanafunzi. Najifunza ile ya kisigino na vidole, ambapo kisigino kinapiga nota ya kwanza na vidole vinapiga ya pili. Vidole vinatoa sauti, kisigino hakitoi kitu. Nina pedali ya kawaida yenye kibao cha kisigino. Ni mimi au ni pedali?

#10 Fundi_Cheni

Ni nyote wawili, mdogo wangu, lakini tuanze na pedali.

Ubao ni wenzo. Ukikanyaga mbali na bawaba, unahitaji nguvu kidogo na safari ndefu. Ukikanyaga karibu na bawaba, safari ni fupi lakini unahitaji nguvu nyingi. Kwenye pedali yako bawaba iko mbele ya kibao, kwa hiyo kisigino chako kinaangukia ama juu ya kibao chenyewe, ambako hakipigi kitu kabisa, ama mbele yake kidogo, hapohapo karibu na bawaba, mahali pagumu kuliko pote. Vidole viko mbali, vinapiga kirahisi.

Kwenye ubao mrefu bawaba imerudi nyuma, kwa hiyo kisigino kinapoanguka kinakuwa mbele yake kwa umbali wa kutosha kuisogeza bita. Ndiyo sababu wengi wanaopiga kisigino na vidole wanapenda ubao mrefu, na wengi wao wanapenda dairekti, kwa sababu ubao haubaki nyuma baada ya nota ya kwanza. Lakini dada Kisigino_Chini ameshaeleza kwa nini ubao huohuo haumfai yeye. Wote wako sahihi.

Kwa sasa usinunue kitu. Sogeza mguu mzima mbele hadi vidole vikaribie cheni, ili kisigino kianguke kwenye ubao na si kwenye kibao. Usifikiri ni kisigino kinachopiga. Fikiri uzito wa mguu unaanguka na nyayo nzima inaupokea. Punguza springi nusu mzunguko, usikilize. Na angalia kiatu. Soli ya mpira inayong'ang'ania itakusumbua kwenye kisigino na vidole, na itakuharibia kabisa ukija kujifunza kuteleza, ambako nota ya kwanza unaipiga katikati ya ubao na unyayo unatambaa mbele kwa ya pili.

#11 Kisigino_Chini

Naongeza dogo kwa Chipukizi: kabla ya yote angalia stuli yako. Goti likiwa juu kuliko nyonga, kila unaponyanyua mguu unabeba paja lote kwa misuli iliyokwisha kujikunja. Pandisha mpaka paja literemke kidogo kuelekea gotini. Nimeona watu wakilaumu pedali na kosa liko chini ya makalio.

#12 Besi_Nzito

Nimepima yangu jana usiku. Kulia mara 14, kushoto mara 9. Shafti imepinda kama ulivyosema mkuu. Hai-hati nitaisogeza kesho.

#13 Mazoezi_Kwanza

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimesema sijawahi kugusa skrubu, na nilisema kwa kujivunia.

Niliifunga kwenye meza kama mlivyoelekeza. Mara 7. Nikafungua mhimili, beringi za upande mmoja zimejaa vumbi lililoganda na oili ya zamani, nyeusi kabisa. Nikaziosha, nikatia oili mpya. Mara 16. Nilikaa nikaitazama inabembea, muda mrefu tu. Miaka minane.

Halafu nikashusha bita, kutoka kama sentimita 20 hadi 17. Springi sikuigusa.

Sasa nina tatizo ambalo sikulitarajia. Nota zangu mbilimbili zimeharibika. Ya pili inakuja mapema mno, inaipanda ya kwanza. Kabla ya hapo zilikuwa sawa.

#14 Mguu_Kushoto

Mkuu, asante kwa kurudi, na asante kwa kusema wazi.

Naamini najua kinachotokea kwa sababu kilinitokea. Pedali ya zamani ilikuwa inachelewa, kwa hiyo mguu wako ulikuwa unaiwahi nota ya pili ili ifike kwa wakati. Sasa pedali haichelewi tena na mguu bado unawahi. Tafadhali usikaze springi wala kupandisha bita ili ujisikie nyumbani. Shuka hadi 80, nota mbilimbili, jirekodi sauti ya kiki peke yake. Iache nota ya pili isubiri ubao ukufikie unyayoni, ndipo uisukume. Utahisi kama unachelewa. Sikiliza rekodi, usisikilize mguu.

#15 Mazoezi_Kwanza

Siku ya nne. Nimeanza 80, leo niko 96. Kwenye rekodi nota ya pili imeanza kukaa mahali pake. Nikichoka tu, kama dakika ya kumi na mbili hivi, inakimbilia mbele tena, na nikiangalia chini naona vidole vimejikunja.